Viti vya Boracay Vilihesabiwa Ardhini

Ufilipino ina visiwa zaidi ya 7,600, na kwa miaka mingi sheria ililaumiwa kwa uhaba wa viti vya ndege za ndani. Lawama hiyo haikuwa ya bure. Mnamo 1973 serikali ya Ferdinand Marcos iliamua kuwa shirika moja, Philippine Airlines, linatosha. Mwaka 1995 Rais Fidel Ramos alivunja utaratibu huo kwa Amri Na. 219, na mwaka uliofuata Cebu Pacific ikaanza kuruka kwa nauli nafuu. Baina ya Manila na Cebu ushindani ulileta viti vingi, nami sina ubishi juu ya hilo. Lakini ukifuatilia historia ya Boracay, kisiwa cha watalii, utaona kwamba sheria ilitoa ruhusa tu. Idadi ya abiria iliamuliwa na urefu wa lami.

Uwanja wa Caticlan, unaotazamana na Boracay ng'ambo ya mlango mwembamba wa bahari, ulikuwa na njia ya kurukia isiyofika kilomita moja. Shirika la Asian Spirit lilipeleka huko Dash 7, ndege ya pangaboi yenye injini nne na viti kama 50, iliyoundwa kwa viwanja vifupi. Shirika la SEAIR likatumia LET 410 ya abiria 19. Jeti zilitua Kalibo, uwanja ulio mbali zaidi, na watalii wakamalizia kwa basi, kisha boti. Mwaka 2009 ndege aina ya MA60 ilipitiliza mwisho wa njia hiyo fupi. Ni baada ya njia kurefushwa ndipo, mwaka 2016, Airbus A320 za viti takriban 180 zilipoanza kutua.

Kuna watakaouliza kwa nini ndege ndogo hazikuongezewa safari. Tatizo ni Manila, ambako njia mbili za kurukia zinakatana na nafasi ya kuruka ni adimu: kuitumia kwa abiria 19 ni kuipoteza. Hoja nzito zaidi ni kwamba viti vingi viliiumiza Boracay, na ni kweli kisiwa kilifungwa Aprili 2018 kwa miezi sita. Ila kosa kubwa lilikuwa maji taka yaliyoachwa yatiririke baharini, yaani ardhi tena. Kilipofunguliwa Oktoba, serikali iliruhusu watalii 6,405 kuingia kwa siku, kwa hesabu ya kile ambacho kisiwa kinaweza kuhimili.