Idara ya TEHAMA katika Kampuni Changa: Ilikotoka na Ilikofika



Vijana wa Kidato cha Sita hupenda kutuuliza: mtu akisomea kompyuta, ataajiriwa katika idara gani? Swali hilo lina historia yake, na ni vema ikajulikana kabla fomu za chuo kikuu hazijajazwa.

Historia yenyewe ni ya Marekani zaidi, maana huko ndiko kampuni changa za programu zilikostawi. Katika miaka ya 1990, kampuni iliyotaka kutoa huduma kwa njia ya intaneti haikuwa na budi kununua mashine kwanza. Fedha za wenye mtaji zikiingia, sehemu kubwa ilikwenda kwenye seva, nyaya, na kodi ya chumba chenye ubaridi na umeme usiokatika. Mtu mmoja au wawili ndio waliokuwa idara nzima. Hao ndio waliofunga mashine, wakatunza barua pepe za ofisi, wakaitwa printa ilipokwama, na ndio walioamshwa usiku wa manane. Mwandishi wa programu alimaliza kazi yake, akamkabidhi mtunza mashine, akaenda zake kulala. Aliyetaka seva mpya alipeleka maombi na kungoja. Kwa hiyo mwenye ufunguo wa chumba kile alikuwa na sauti kubwa kuliko cheo chake, jambo ambalo sisi wa ofisi za Serikali hatuhitaji kuelezwa.

Kampuni ya Google ilianza kuligeuza jambo hilo mwaka 2003. Ben Treynor, mhandisi wa programu, alikabidhiwa kikundi cha watu 7 cha kuangalia mitambo. Akaijenga idara kama mwandishi wa programu angeijenga. Kanuni ikawa kwamba kazi ya kuhangaika na hitilafu na kujibu maombi isizidi nusu ya muda wa mtu. Nusu ya pili aandike programu zitakazoifanya kazi hiyo badala yake.

Lakini badiliko kubwa lilitoka Amazon, na hapo Afrika ina sehemu yake, ingawa haitajwi sana. Mhandisi Chris Pinkham, wa Afrika Kusini, alitaka kurudi kwao. Badala ya kumpoteza, kampuni ilimruhusu afungue ofisi Cape Town, na kikundi kidogo cha huko ndicho kilichounda huduma ya kukodisha kompyuta kwa saa. Ilitangazwa Agosti 2006, kwa senti 10 za dola kwa saa moja. Huduma ya kuhifadhi data ilikuwa imetangulia Machi mwaka huo huo. Tangu hapo kijana mwenye kadi ya benki aliweza kupata seva kwa dakika chache, bila kumwomba mtu ufunguo.

Matokeo yake yalionekana upesi. Instagram ilifunguliwa Oktoba 2010 ikiwa na mashine moja tu huko Los Angeles. Ikaelemewa siku ile ile, ikahamia kwenye mashine za kukodi za Amazon. Ilipouzwa Aprili 2012 kwa dola bilioni 1 ilikuwa na watumiaji wapatao milioni 30 na wafanyakazi 13. Hesabu wenyewe idara ya TEHAMA ingekaa wapi hapo. Hata kampuni zenye mashine zao zilifuata njia hiyo. Netflix ilipata hitilafu ya hifadhidata Agosti 2008, ikashindwa kuwapelekea wateja DVD kwa siku tatu. Ikaamua kuhama, na kazi hiyo ilikamilika Januari 2016.

Je, watunza mashine walifutwa kazi wote? La hasha. Kazi iligawanyika. Upande mmoja ulibaki ofisini: kugawa kompyuta za mkononi, kufungua na kufunga ruhusa za wafanyakazi, kulinda siri. Upande wa pili uliunganishwa na uandishi wa programu. Mwaka 2009 John Allspaw na Paul Hammond wa Flickr walieleza mbele ya wenzao jinsi pande hizo mbili zilivyoshirikiana kupeleka mabadiliko kwa watumiaji zaidi ya mara 10 kwa siku. Huko Amazon mkuu wa teknolojia, Werner Vogels, alikwisha kusema mwaka 2006 kwamba anayeijenga huduma ndiye anayeiendesha. Maana yake, simu ya usiku wa manane sasa humwamsha mwandishi wa programu. Nionavyo mimi, hiyo ni haki: programu mbovu ilikuwa ikimnyima usingizi asiyeiandika.

Aidha, wanaodhani kukodi ni jibu la kila kitu wamtazame Dropbox. Kampuni hiyo, iliyoanzishwa 2007, ilikuwa ikihifadhi mafaili ya wateja wake kwa Amazon. Ilipokua, kodi ikawa nzito, ikajenga mitambo yake yenyewe na kufikia mwishoni mwa 2015 ilikuwa imehamishia huko asilimia 90 hivi ya data. Katika miaka miwili iliyofuata iliokoa karibu dola milioni 75. Kazi hiyo ilitaka watu wanaojua diski, umeme na nyaya, yaani ujuzi ule ule wa watunza mashine wa miaka ya 1990.