Mashambulizi dhidi ya wafanyakazi Wachina, Umasaini (2016)

Mashambulizi haya yalitokea mwanzoni mwa Agosti 2016 katika Kaunti ya Narok, pale vijana wapatao 200 walipovamia eneo la ujenzi wa reli ya kisasa, yaani reli yenye njia pana kuliko ile ya kikoloni, wakawajeruhi Wachina 14 wakidai kuwa wenyeji walinyimwa kazi. Mkandarasi alikuwa China Road and Bridge Corporation, na kipande kilichokuwa kikijengwa, cha kutoka Nairobi hadi Naivasha, chenye urefu wa kilomita 120 hivi, kinakatiza Kaunti ya Kajiado kupitia Ongata Rongai na Ngong.

Tukio hili linaweza kulinganishwa, ingawa kwa tahadhari, na ghasia za machimbo ya dhahabu ya kikoloni, hasa zile za Lambing Flat, Australia, za 1860 na 1861, ambako wachimbaji wa Kizungu waliwapiga Wachina, wakawakata misuko ya nywele na kuchoma mahema yao. Tofauti ni kubwa: huko washambuliaji walikuwa walowezi, ilhali Narok walikuwa wenyeji Wamasai ambao jamii yao ilikwisha kupoteza malisho kwa mikataba ya 1904 na 1911. Bunge la New South Wales lilijibu ghasia hizo kwa sheria ya Novemba 1861 iliyowekea mipaka uingiaji wa Wachina, nayo ilifutwa 1867.