Kutoka wazo hadi bidhaa sokoni: jiko la mkaa linavyotufundisha

Je, wewe ni fundi, mshonaji au mfinyanzi na una wazo la kitu unachotaka kukitengeneza na kukiuza? Kabla ya kununua vifaa, angalia jiko la mkaa lenye udongo ndani, lile la kiuno chembamba. Huenda unalo nyumbani.

Jiko hilo lilibuniwa nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakati huo familia nyingi za mjini zilipikia jiko la bati tupu, ambalo joto lake jingi hupotea kupitia ubavuni. Mkaa uliisha haraka, na fedha ya chakula ikaishia kwenye mkaa. Wabunifu walianzia kwenye shida hiyo. Walichukua mfano wa jiko la ndoo la Thailand, lenye udongo uliochomwa kuanzia juu hadi chini, wakaubadilisha. Udongo ukabaki sehemu ya juu tu, panapokaa moto, na bati likakunjwa kiuno ili kuushikilia. Jiko likawa jepesi, na kitako kipana kikalizuia lisipinduke mtu anaposonga ugali. Anayekaa kando na kuchora tu hawezi kujua kwamba ugali husukuma jiko. Anayepika anajua.

Kwa hiyo, ukishapata sampuli ya kwanza, usiwaulize majirani kama ni nzuri. Watakujibu ni nzuri, kwa heshima. Wape waitumie wiki nzima, wapikie maharage na vyakula vya kila siku, kisha nenda ukaangalie. Je, mkaa waliotumia umepungua? Pima kwa kopo lile lile kila siku. Je, wamerudia jiko la zamani? Wakirudia, tafuta sababu kabla ya kutengeneza la pili. (Popote unapolijaribu, mlango na madirisha yawe wazi: moshi wa mkaa huua hata usipoonekana.)

Jiko hilo la Kenya halikupokelewa vizuri mara moja. Mwanzoni bei ilikuwa juu, na udongo wa baadhi ya majiko ulipasuka mapema. Mambo yalibadilika mafundi wengi wa jua kali wa Nairobi walipojifunza kulitengeneza: ushindani ukashusha bei, na kazi ikagawanywa. Wafinyanzi walichoma udongo, mafundi bati wakakunja mabati chakavu, wengine wakaunganisha na kuuza. Mgawanyo huu unafaa sana kwetu, kwa sababu mara nyingi mwenyeji ndiye mwenye udongo mzuri au nafasi ya tanuru, na mkimbizi ana ujuzi wa bati, au kinyume chake. Mahali ambapo kuni na mkaa vimekuwa chanzo cha ugomvi kati ya pande mbili, kikundi cha pamoja kinachotengeneza jiko la kupunguza mkaa kina wateja pande zote mbili.

Sehemu inayoangusha vikundi vingi ni hesabu. Ukiingiza majiko kumi tanuruni na mawili yakapasuka, gharama ya hayo mawili lazima ibebwe na manane yaliyobaki. Hesabu bati, udongo, kuni za kuchomea, usafiri, na pia siku zako za kazi. Wengi huacha siku zao nje ya hesabu, halafu wanashangaa mbona wanauza kila wiki na mfuko ni mtupu. Jiko lenye ufa usiliuze kwa bei ya chini. Litakuharibia jina sokoni kote.

Jambo la mwisho ni vibali, na hapa nchi zinatofautiana. Nchini Uganda, Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi. Nchini Tanzania, mkimbizi anahitaji kibali ili kutoka nje ya kambi, kwa hiyo panga mapema nani atapeleka bidhaa kwenye masoko ya nje. Uliza ofisi ya serikali inayosimamia kambi au makazi yako kabla ya kukodi banda au kuchukua mkopo wa kikundi, na weka nakala ya kila karatasi unayopewa.