Mashamba na Makaburi ya Jamaa ya Mzee Parker

Mtu atakaye kuandika habari za watu wa kale hukutana na mashahidi wa namna mbili. Shahidi wa kwanza ni msimulizi, naye huchanganya aliyoyaona na aliyoyasikia, na kila asimuliapo huongeza kidogo. Shahidi wa pili hasimulii. Yeye ni daftari la ardhi, au kitabu cha kanisa, au jiwe lililosimama juu ya kaburi. Huyu hasemi ila akiulizwa, na akijibu hujibu kwa ufupi: jina, siku, kipimo cha shamba. Nakusudia kueleza, kwa habari za jamaa moja ya wahubiri wa mpakani katika nchi ya Marekani, jinsi shahidi huyu wa pili anavyomsahihisha wa kwanza, na jinsi yeye naye anavyonyamaza mahali ambapo tungalipenda sana aseme.

Jamaa hiyo ni ya Parker. Mkuu wao, John Parker, alizaliwa mwaka 1758 katika Maryland. Alihama na watoto wake kutoka Virginia mpaka Georgia, kutoka Georgia mpaka Tennessee, na kutoka Tennessee mpaka Illinois, kila mara akifuata ardhi mpya iliyokuwa ikifunguliwa upande wa magharibi. Mwanawe Daniel, aliyezaliwa Virginia mwaka 1781, alikuwa mhubiri wa Wabatisti mwenye jina kubwa kuliko baba yake.

Hapa neno moja lataka kufafanuliwa, maana limewapoteza wengi. Katika makanisa yale mhubiri aliyewekewa mikono aliitwa kwa neno ambalo kwa Kiswahili twaweza kulifasiri Mzee. Basi asomaye hati na kuona "Mzee Parker" asidhani mara moja kwamba ni yule mkubwa kwa umri. Baba aliitwa Mzee, na mwana aliitwa Mzee, wote kwa wakati mmoja, kwa sababu ya kazi wala si kwa sababu ya mvi. Tena jina la John lilirudiwa katika ukoo, kama ilivyo desturi kwetu mjukuu kupewa jina la babu. Asiyeshika jambo hili atamzika mmoja katika kaburi la mwingine.

Mzee Daniel alikuwa mtu wa maneno makali. Alifundisha kwamba wanadamu ni wa mbegu mbili, mbegu ya Mungu na mbegu ya nyoka, na mafundisho hayo aliyapiga chapa mwaka 1826. Kabla ya hapo, mwaka 1820, alitoa maandiko ya kushindana na vyama vya kupeleka wahubiri kwa mataifa. Maana alishika kwamba Mungu awajua walio wake, wala hahitaji chama cha kuchanga fedha ili kuwatafuta. Wasomaji wa gazeti hili, ambao wengi wao ni matunda ya vyama hivyo hivyo, na walishike neno hili, maana tutalirudia mwisho.

Mwezi wa Julai mwaka 1833, wakiwa bado Illinois, Daniel na wenzake wachache waliunda kanisa lao na kuliita Kanisa la Wasafiri. Sababu yake ilikuwa ya sheria. Texas wakati ule ilikuwa chini ya Mexico, na sheria ya Mexico haikuruhusu kuundwa kwa kanisa lolote ila la Kikatoliki. Basi Daniel akaona kwamba sheria inakataza kuunda kanisa ndani ya nchi, lakini haisemi neno juu ya kanisa lililokwisha kuundwa likaingia na miguu yake. Wakaondoka kwa magari ya ng'ombe, na kitabu cha kanisa pamoja nao. Kwa ajili hiyo kitabu chao kinaanza katika nchi moja na kuendelea katika nchi nyingine, na mtafuta habari anayeanza kutafuta Texas peke yake hukosa chanzo.

Ni kitu gani kilichowavuta? Jibu limo katika sheria ya ardhi. Kwa sheria ya mwaka 1825, mwenye nyumba aliyekuja kukaa Texas na kufuga aliweza kupata kipimo kilichoitwa sitio, yaani ekari 4,428, na kwa ajili ya kulima aliongezewa ekari 177. Texas ilipojitenga na Mexico, katiba ya mwaka 1836 ilishika vipimo hivyo hivyo. Kila mwenye nyumba aliyekuwa akikaa nchini siku ya tarehe 2 Machi 1836 alikuwa na haki ya kupewa ekari 4,605, na mwanamume asiye na jamaa theluthi ya sitio. Lakini katiba iliwatoa Waafrika, na wazao wa Waafrika, na Wahindi Wekundu. Hao hawakuwa na fungu.

Kwa sababu ya sheria hii, hati ya ardhi yaeleza mengi kuliko shamba. Ikiwa mtu amepewa sitio nzima, twajua kwamba alikuwa na jamaa. Ikiwa amepewa theluthi, twajua kwamba alikuwa peke yake. Na hati ikiandikwa "warithi wa fulani", twajua kwamba fulani amekwisha kufa, hata kama hakuna jiwe lililosimamishwa juu yake. Mwenye kusoma hivi huweza kujua ndoa na misiba katika kitabu ambacho karani wake hakukusudia kuandika ila mipaka.

Wengine wa jamaa ya Parker walijenga boma la magogo karibu na mto Navasota, mahali palipo katika wilaya ya Limestone. Daniel hakukaa humo. Alikaa upande wa mashariki. Nchi ile ya Navasota ilikuwa ukingoni mwa nchi ya Wakomanche, na watu wenyewe walikuwa wakiona jinsi walowezi wanavyopima na kukata mipaka. Tarehe 19 Mei 1836 Wakomanche pamoja na watu wa makabila mengine walilijia boma. Wanaume watano wakauawa: Mzee John, aliyekuwa na miaka kama 77, na wanawe Silas na Benjamin, na wawili wa jamaa ya Frost. Watu watano wakatekwa, na miongoni mwao watoto wawili wa Silas, binti yake Cynthia Ann na mdogo wake John. Siku moja, basi, John babu aliuawa na John mjukuu alitekwa. Na waliouawa walizikwa pamoja katika kaburi moja.

Angalieni tarehe hizo mbili. Siku ya haki ya ardhi ilikuwa 2 Machi; siku ya kuuawa ilikuwa 19 Mei. Marehemu hao walikuwa hai siku ile ya sheria, na haki ya mtu aliyekufa iliwaendea warithi wake. Lakini ni nani mrithi, ikiwa mtoto yumo mikononi mwa watekaji na hajulikani kama yu hai? Kitabu cha ardhi hakina safu ya waliopotea.

Cynthia Ann alikaa na Wakomanche miaka 24. Akawa Mkomanche kwa lugha na kwa desturi, akaolewa na Peta Nocona, akazaa wana wawili na binti. Mwezi wa Desemba mwaka 1860 askari wa Texas waliishambulia kambi karibu na mto Pease, wakamchukua pamoja na binti yake mdogo. Isaac Parker, baba yake mkubwa, aliitwa aje kumtambua. Watu wa Texas wakafurahi, wakasema ameokolewa. Yeye mwenyewe alilia, akajaribu zaidi ya mara moja kutoroka arudi kwa wanawe.

Mwaka 1861 baraza la kutunga sheria la Texas lilimpa sitio moja ya ardhi, na dola 100 kila mwaka kwa miaka mitano, chini ya udhamini wa jamaa zake. Ndiyo mara ya kwanza jina lake kuingia katika mambo ya ardhi kwa haki yake mwenyewe. Lakini hebu tufikiri: alipewa ekari 4,428 kwa sababu amehesabiwa kuwa Parker, na wanawe waliobaki nyikani wasingepata hata ekari moja kwa sababu walihesabiwa kuwa wa baba yao. Sheria ilimkata mama na watoto kama mpima ardhi akatavyo mstari katikati ya konde.

Sasa tuje kwenye kifo chake, maana ndipo mashahidi wanapogombana. Watu wengi walisimulia kwamba alikufa mwaka 1864 kwa huzuni. Walakini mwaka 1870 serikali ilifanya hesabu ya watu, na katika hesabu ya wilaya ya Anderson jina lake limo, akikaa katika nyumba ya O'Quinn, umri wake miaka 45. Basi msimulizi amekosa. Aliyekufa mwaka 1864 ni yule binti, aliyeitwa Prairie Flower. Na katika vinywa vya watu msiba wa mtoto umegeuka kuwa msiba wa mama. Kosa hili halikutoka kwa nia mbaya. Masimulizi hupenda mtu afe siku moja na tumaini lake. Lakini karani wa hesabu, asiyejua hadithi yake, alimkuta akiishi bado, akaandika. Tena umri ule wa 45 waonyesha kwamba alizaliwa karibu na mwaka 1825, hata siku ya kutekwa alikuwa mkubwa kidogo kuliko miaka tisa waliyozoea kuisema.

Alizikwa katika makaburi ya Fosterville, katika wilaya ile ile ya Anderson. Baba yake mkubwa, Mzee Daniel, alikuwa amekwisha kuzikwa wilayani humo, karibu na Elkhart, penye Kanisa la Wasafiri, tangu Desemba 1844. Kama habari ingaliishia hapa, tungalisema kwamba binti aliyepotea amerudi kulala kwa baba zake. Lakini mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na ngama ya Cynthia Ann haikuwa Texas.

Mwanawe Quanah alikua akawa kiongozi wa Wakomanche. Mwaka 1875 alijitoa kwa serikali pale Fort Sill, akaulizia habari za mama yake, akachukua jina la Parker. Kwa mapatano ya mwaka 1867 watu wake pamoja na Wakiowa walitengewa nchi ya ekari kama milioni 3. Lakini mwaka 1901 nchi hiyo iligawanywa, kila mtu akaandikwa katika orodha na kupewa ekari 160, na sehemu kubwa iliyobaki wakapewa walowezi. Hesabu ni nyepesi: sitio moja ya mlowezi wa mwaka 1836 yatosha mafungu 27 ya Mkomanche wa mwaka 1901. Atakaye kufuata ukoo wa Parker tangu wakati huo hana budi kufungua vitabu vya pande mbili, hati za Texas na orodha za Wakomanche; na asomaye upande mmoja atasema ukoo umekatika, kumbe umehamia katika kitabu kingine.

Mwezi wa Desemba mwaka 1910 Quanah alihamisha mifupa ya mama yake, akaizika Post Oak, karibu na Cache katika Oklahoma. Post Oak ni nini? Ni misheni. Waliianzisha Ndugu Wamennoni, watu wa chama cha kupeleka Injili kwa mataifa, chama cha namna ile ile aliyoipinga Mzee Daniel miaka 90 kabla yake. Binti wa ndugu yake alipata kupumzika na mwanawe, si katika uwanja wa kanisa la ukoo, bali katika uwanja wa misheni. Mwezi wa Februari mwaka 1911 Quanah naye akafa, akalazwa kando ya mama yake, ingawa yeye alikuwa mshikaji wa ibada ya peyote mpaka mwisho. Mwaka 1957 jeshi lilipotaka uwanja ule, wote wawili walihamishiwa makaburi ya Fort Sill. Na mwaka 1965 Prairie Flower naye akaletwa. Hivyo mama ana kaburi la tatu, na watoto wake wawili wamo pamoja naye.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mawe hayasemi. Wakomanche wa kale hawakuweka mawe yenye majina. Walimlaza maiti katika ufa wa mwamba au korongo, na jina lake halikutajwa tena kwa heshima. Basi Wakomanche waliokufa katika vita vile hawana daftari wala kaburi lenye maandiko, na mtafiti mvivu atadhani kwamba msiba ulikuwa wa upande mmoja tu. Kutokuwa na jiwe si kutokuwa na mfu.

Ndugu walimu na mapadre, nimeyaandika haya kwa kuwa sisi nasi tu walinzi wa vitabu. Katika mwaka ule ule wa 1844 alipokufa Mzee Daniel, mwezi wa Julai, Rosine, mke wa Krapf, alikufa Mombasa na kuzikwa bara ng'ambo ya mji. Kaburi lake lajulikana kwa sababu mumewe aliandika. Lakini walimu wangapi wa kwanza, na wake zao, na wapagazi waliowabebea mizigo, wamelala kando ya makanisa yetu bila hata kipande cha ubao? Kwetu pia kaburi la babu huwa ni shahidi wa shamba, na wazee wakigombea mpaka huonyesha mahali alipolala fulani. Siku yule mzee akifa, na kaburi limekwisha kuota majani, ushahidi umekwenda.

Kwa hiyo tuandike katika vitabu vya ubatizo na vya maziko jina la mama pamoja na la baba, na kijiji alichotoka, na si jina la Kikristo peke yake, maana akina Yohana ni wengi. Tuandike na majina ya wasio wa kanisa letu waliozikwa karibu nasi. Tusiandike neno ambalo hatukulihakikisha, ili anayekuja baada yetu asipotezwe. Karani yule wa mwaka 1870 hakujua kwamba mstari wake mmoja utamrudishia mwanamke mmoja miaka sita ya maisha yake. Nasi hatujui ni mstari upi wa vitabu vyetu utakaotafutwa na mtoto wa nani.