Pakiti Inaporudishwa Dukani: Ushahidi na Haki ya Mlaji

Januari 2018, kundi la watoto wa chekechea moja ya Soweto, wote chini ya miaka mitano, walifikishwa Hospitali ya Chris Hani Baragwanath wakiwa na homa na kuhara. Maofisa wa afya walikwenda chekecheani, wakafungua friji, wakakuta poloni, ile soseji nene ya bei nafuu inayokatwa vipande na kuliwa kwa mkate. Poloni hiyo iliwaongoza hadi kiwanda cha Enterprise Foods kule Polokwane, wakati huo mali ya kampuni ya Tiger Brands. Tarehe 4 Machi 2018 waziri wa afya wa Afrika Kusini, Aaron Motsoaledi, akatangaza kuwa hicho ndicho chanzo cha mlipuko wa bakteria wa listeria uliokuwapo tangu mwaka 2017, na bidhaa zikaanza kuondolewa madukani. Kufikia katikati ya mwaka, wagonjwa 1,060 walikuwa wamethibitishwa na 216 wamekufa. Takriban wagonjwa wanne katika kila kumi walikuwa watoto wachanga.

Tangazo la kuondoa chakula sokoni huwa na maneno yale yale: usile, rudisha dukani, utarejeshewa pesa yako. Kwa afya ya umma, agizo hilo halina kasoro. Kwa aliyekwisha kula akaugua, lina mtego. Anakwenda kukabidhi kielelezo chake pekee kwa watu wale wale anaoweza kuwadai mahakamani, naye anaondoka na randi chache. Nadhani sheria zetu za walaji zimeshughulika mno na swali la nani ana kosa, zikasahau kuuliza ushahidi uko mikononi mwa nani.

Katika swali la kosa zimepigwa hatua kubwa, hilo halina ubishi. Zamani mkataba ulimlinda mnunuzi tu, na watoto wa Soweto hawakununua chochote. Kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson, iliyoamuliwa London mwaka 1932, ndiyo iliyovunja ukuta huo: mama aliyekunywa soda iliyodaiwa kuwa na konokono, soda aliyonunuliwa na rafiki yake, aliruhusiwa kumdai mtengenezaji. Hata hivyo alipaswa kuthibitisha uzembe. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Kulinda Walaji ya Afrika Kusini ya mwaka 2008 kimekwenda mbali zaidi: mtengenezaji, mwagizaji, msambazaji na muuzaji wanawajibika kwa madhara ya bidhaa isiyo salama hata kama hawakuzembea, ingawa sheria inawaachia utetezi kadhaa.

Lakini uzembe ukishaondolewa mezani, ugomvi wote huhamia kwenye chanzo. Je, ni poloni hii iliyokuumiza, au chakula kingine? Listeria inaweza kukaa mwilini hadi siku 70 kabla ya ugonjwa kujitokeza. Nani hutunza risiti ya poloni siku 70, tena aliyeinunua kwenye kibanda cha mtaani kisichotoa risiti? Kilichowaokoa wadai wa Afrika Kusini ni vinasaba. Maabara zilipanga vinasaba vya bakteria kutoka damu za wagonjwa, zikaona kuwa sehemu kubwa mno ni ya aina moja, ST6, na aina hiyo hiyo ikapatikana kiwandani Polokwane. Ushahidi huo ulikusanywa na dola. Mgonjwa peke yake asingeweza kuugharamia.

Kidole kimoja hakivunji chawa, ndiyo maana Desemba 2018 Mahakama Kuu ya Johannesburg iliidhinisha kesi ya pamoja dhidi ya Tiger Brands. Hata hapo vita vikawa vya kumbukumbu za maabara: kampuni iliomba hati za wito ili ipate rekodi za vipimo, zikiwemo za wazalishaji wengine wa nyama, na mvutano huo ulifika Mahakama ya Juu ya Rufaa mwaka 2022. Ilikuwa mwaka 2025 kampuni ilipotangaza malipo ya awali kwa wadai wenye mahitaji ya haraka ya matibabu, bila kukiri kuwajibika. Mtoto aliyezaliwa na maambukizo mwaka 2017 alikuwa anakaribia miaka minane.

Kwetu Afrika Mashariki hali ni ngumu zaidi. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya inampa mlaji haki ya kufidiwa kwa madhara ya bidhaa yenye kasoro, na Sheria ya Kulinda Walaji ya mwaka 2012 inaruhusu kesi ya kundi. Vizuri. Ila Novemba 2019, Shirika la Viwango la Kenya lilipopiga marufuku chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu (aflatoksini), nani angeweza kutumia haki hizo? Sumukuvu inayoliwa kidogo kidogo huharibu ini kwa miaka mingi, wala haiachi alama ya kuonyesha ilitoka gunia gani. Muda wa kufungua madai ya madhara, Kenya na Tanzania, ni miaka mitatu. Mahakama ya Kenya inaweza kuuongeza pale mdai asipojua mambo ya msingi, lakini muda wa ziada haurudishi unga uliokwisha kuliwa.

Watetezi wa viwanda watasema kwamba tukiugeuza mwito wa kurudisha bidhaa kuwa mtego wa kisheria, hakuna kampuni itakayoutoa kwa hiari. Hoja hiyo ina uzito, nami nakubali tangazo lisihesabiwe kuwa kukiri kosa. Ila sampuli za kila toleo lililoondolewa zikabidhiwe maabara ya umma, zitunzwe hadi muda wa madai uishe, kwa gharama ya mzalishaji, na majibu ya vipimo apewe mgonjwa anayeyaomba.

Kabla sheria haijabadilika, ukiugua baada ya tangazo kama hilo, usirudishe pakiti yote. Ipige picha ionyeshe namba ya toleo na tarehe, ifunge vizuri na uigandishe mbali na chakula kingine, mwombe daktari achukue sampuli kabla ya kukuanzishia dawa, kisha umwone wakili mapema.