Mkono wa Taniboi

Ukimwambia kijana wa leo hapa Pemba kwamba zamani gari iliwashwa kwa nguvu za mkono, atadhani unamtania. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Chuma kilichopindwa, yaani hendeli, kilitiwa kwenye tundu la mbele, chini ya rejeta, kikazungushwa mpaka injini ishike moto.

Kazi hiyo kwa kawaida haikuwa ya dereva. Mzungushaji alikuwa taniboi, na wengi husema jina lake limetoka hapo hapo, kwenye neno la Kiingereza la kuzungusha. Ilitaka akili kuliko nguvu. Gia iwe huru, hendeli ivutwe kwenda juu, na kidole gumba kilale upande mmoja na vidole vingine. Moto ukiwahi, hendeli hurudi nyuma kwa ghafla, na gumba lililoikumbatia huvunjika, pengine na kifundo cha mkono.

Huko Marekani, magari ya Cadillac ya mwaka 1912 yalikwisha kuwa na stata ya umeme, kazi ya Charles Kettering. Hata hivyo malori mengi yaliendelea kubeba hendeli kwa miongo kadhaa, kwani betri hufa, na kisiwani betri mpya hungoja chombo.

Tukisimulia karafuu zilizoshuka vilimani kwenda Wete, Chake Chake na Mkoani, twataja mashamba, bei na hata madereva. Taniboi hatajwi. Na safari ilianzia mkononi mwake.