Jinsi ya kujifunza sanaa ya pili ya kujihami bila kuipoteza karate

WAHENGA walinena kuwa mshika mbili moja humponyoka. Methali hii humkabili kila mwanakarate anayetamani kujifunza sanaa nyingine ya kujihami, iwe judo, taekwondo, ndondi au jujitsu ya Kibrazili.

Kwa mkazi wa mtaa wa Hurlingham, jijini Nairobi, suala hili si la nadharia. Anayefunga afisi saa kumi na moja jioni hukumbana na msongamano wa magari katika barabara ya Argwings Kodhek, naye abiria wa matatu ya nambari 46 huweza kukwama kwa muda mrefu kabla ya kufika Yaya Centre. Mazoezi ya saa moja na nusu humweka mtu nje ya nyumba yake kwa saa tatu. Anayeongeza sanaa ya pili huongeza pia nauli, ada, sare na uchovu.

Je, yafaa kujaribu? Jibu ni ndiyo, mradi mwanafunzi aitangulize sanaa moja na kuifanya ya pili iwe msaidizi wake. Anayezipa zote mbili uzito sawa tangu mwanzo aghalabu huishia kuwa mgeni kotekote.

Karate yenyewe ni mseto

Baadhi ya walimu huona kwamba kwenda kwingine ni usaliti. Historia ya karate haiungi mkono dhana hiyo.

Gichin Funakoshi, aliyetoka Okinawa na kuieneza karate katika Japani bara kuanzia mwaka wa 1922, alialikwa na Jigoro Kano, mwasisi wa judo, kuonyesha ujuzi wake katika ukumbi wa Kodokan. Sare nyeupe na mikanda ya rangi inayovaliwa na wanakarate wa leo ilitokana na judo.

Hironori Ohtsuka alikuwa tayari bingwa wa jujitsu ya jadi alipoanza kujifunza kwa Funakoshi. Kutokana na elimu hizo mbili alianzisha mtindo wa Wado-ryu katika miaka ya 1930. Naye Masutatsu Oyama, mwasisi wa Kyokushin, alijifunza mitindo ya Shotokan na Goju-ryu, pamoja na judo.

Hata taekwondo ya Korea ina undugu na karate. Jenerali Choi Hong Hi, anayehusishwa na jina hilo lililotangazwa mwaka wa 1955, alikuwa amejifunza karate nchini Japani.

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba Ohtsuka hakuanza sanaa zote mbili siku moja. Alikuwa ameiva katika ya kwanza alipoingia ya pili.

Mvuto wa Olimpiki

Kwa vijana wenye ndoto ya kuiwakilisha Kenya, ipo sababu nyingine ya kutazama nje ya karate. Mchezo huu uliingizwa katika Olimpiki za Tokyo zilizofanyika mwaka wa 2021, lakini ukaachwa nje Paris 2024, wala haumo katika orodha ya Los Angeles 2028.

Judo na taekwondo zimesalia. Kenya iliwakilishwa katika taekwondo na Milka Akinyi na Dickson Wamwiri mjini Beijing mwaka wa 2008, na Faith Ogallo mjini Tokyo. Zeddy Cherotich alishiriki judo mjini Paris. Kwa hivyo, kijana wa karate anayejifunza mojawapo ya michezo hii huwa anatafuta pia mlango ambao karate haina kwa sasa.

Chagua kinachojaza pengo

Mwanakarate hujua kupiga ngumi na mateke akiwa wima. Udhaifu wake hujitokeza anaposhikwa, anapoangushwa au anapokabwa chini. Judo na jujitsu hujaza pengo hilo vyema kwa sababu hazishindani sana na alichokwisha kujifunza. Somo la kwanza la judo, yaani kuanguka bila kuumia, humfaa hata asiyepanda jukwaani, kwa kuwa huweza kumwokoa anapoteleza barabarani.

Isitoshe, sheria za mashindano ya karate humruhusu mchezaji kumtega mpinzani akaanguka, na pigo safi analopewa aliye chini huzoa pointi tatu. Ujuzi wa judo hapo huwa faida ya moja kwa moja.

Mazoea yanayogongana

Ugumu huja pale sanaa mbili zinapofanana. Mazoezi ya msingi ya karate humfundisha mtu kurudisha ngumi moja kiunoni huku nyingine ikipiga. Katika ndondi, mkono huo hurudi shavuni kuulinda uso. Anayejifunza yote mawili kwa pupa huuacha uso wazi mbele ya bondia.

Taekwondo ya mashindano nayo haihesabu ngumi za kichwani, ni marufuku. Anayeizoea husahau kuinua mikono, na arejeapo katika karate, ambako ngumi ya usoni huzoa pointi moja, huadhibiwa upesi. Hali kadhalika, msimamo wa Shotokan ni mrefu na wa chini, ilhali ule wa taekwondo ni mfupi na mwepesi.

Dawa ni kutenganisha siku. Usifanye sanaa mbili zinazofanana jioni moja, na kabla ya kila kipindi jikumbushe sheria za ukumbi unaouingia.

Wakati na ratiba

Ni busara kusubiri hadi misingi ya karate iwe imetulia mwilini, yaani mtu anapoweza kufanya kata zake bila kuwaza hatua inayofuata. Kwa wengi hali hiyo huja karibu na mkanda wa kahawia. Watoto hawana haja ya kuharakishwa.

Kwa mwenye kazi ya kutwa, vipindi vitatu kwa wiki vyatosha: karate Jumatatu na Jumatano, sanaa ya pili Jumamosi asubuhi wakati barabara ni nyepesi. Siku zilizosalia zitumike kwa kata fupi nyumbani, na Jumapili iwe ya mapumziko. Mtihani wa mkanda au mashindano yanapokaribia, sanaa ya pili isimamishwe kwa majuma kadhaa.

Mwili ni mmoja

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Walimu ni wawili, lakini goti, nyonga na kichwa ni vilevile. Anayegongwa kichwani Jumamosi kwenye ndondi huweza kuingia dojo Jumatatu bila mwalimu wake wa karate kujua lolote.

Kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu au kusahausahau baada ya pigo ni dalili za mtikiso wa ubongo. Mwenye dalili hizo aache mazoezi yote mara moja, amwone daktari, na asirejee kupigana mpaka aruhusiwe. Wakenya hawajamsahau Robert Wangila, aliyeshinda dhahabu ya ndondi mjini Seoul mwaka wa 1988, kisha akafariki mwaka wa 1994 kutokana na jeraha la kichwa alilolipata ulingoni Las Vegas.

Kwa mintarafu hii, mwanafunzi hana budi kuwaarifu walimu wote wawili kuhusu kila jeraha, hata lile analoliona dogo.

Adabu kwa walimu

Mwombe mwalimu wako wa kwanza ushauri kabla ya kujiandikisha kwingine, badala ya kumwacha asikie kwa watu. Mwalimu mwema atakueleza kama bado mapema. Katika ukumbi mpya, vaa mkanda mweupe hata kama una mweusi nyumbani, wala usimsahihishe mwenzako kwa sheria za karate.

Baada ya miezi sita, jipime kwa haki. Ikiwa kata zako zimefifia, magoti yanauma kila asubuhi au familia haikuoni tena mezani, punguza. Sanaa ya pili itakuwepo mwakani, lakini goti lililoharibika huenda lisirudie hali yake.